Mtoto wa Kusikika

Asubuhi iliyofuata safari ya Karin, Ng'washi alikuwa jikoni akikwangua sufuria. Ugali wa jana ulikuwa umeshika chini, ukoko ukatoka mzima, mpana kama kofia ya askari wa boma, akauweka kwenye ungo. Mabruki mpishi alikuwa amechuchumaa mbele ya kuni akichemsha yai la Bwana Holm. Yai hilo lilitakiwa lisiwe bichi wala lisiwe gumu, na kwa muda wote Mabruki aliokuwa na kazi pale misheni lilikuwa ama bichi ama gumu.

"Mayu, nipe ukoko," ikasema sauti ya Karin kwa Kinyamwezi.

Ng'washi akavunja kipande, akakiweka juu ya kinu kilicholazwa pembeni, mahali mtoto alipozoea kukaa. Kipande kikabaki palepale. Ndipo akakumbuka kwamba Karin alikuwa kwenye treni, anakaribia Dodoma, na kwamba mayu, yaani mama, ni neno ambalo hakutakiwa kulisikia tena katika jiko lile.

"Kumbe hajaondoka," akasema Mabruki bila kugeuka.

"Kaondoka. Viatu nimemfunga mwenyewe."

"Basi kasahau sauti. Mtoto ni mtoto. Kasahau na kofia, ile pale kwenye msumari."

Akaipua yai. Lilikuwa gumu.

Misheni ya Itobela ilikuwa kaskazini ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka mjini kwenda ziwani kabla ya reli. Watu wa hapo walikwisha kuzoea kwamba njia yao huachiwa vitu. Ukilima unafukua shanga, unafukua pete za shaba, mahali pengine unafukua mnyororo, unaufukia tena na kuhamisha tuta. Misafara iliacha wagonjwa, iliacha watoto waliowachelewesha mama zao, na baadhi yao wakakulia hapohapo wakawa ukoo. Kwa hiyo habari zilipotoka jikoni kwamba mtoto wa Mzungu kaacha sauti, watu waliuliza tu kama inasumbua. Wakaambiwa haisumbui. Wakaendelea kupalilia.

Sababu yake haikufichika. Jana yake, pale stesheni ya Tabora, Bwana Holm alipiga goti mbele ya binti yake, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu isipokuwa kwa maombi. Akamwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswidi cha Karin kilikuwa cha sala na cha mezani tu, kwamba sasa anakwenda kwao Uswidi, akawe mtoto mzuri, ale samaki, na Kinyamwezi akiache hapa. Karin alikuwa mtoto mtiifu. Akakiacha. Tatizo ni kwamba karibu yote aliyokuwa nayo ya kusema yalikuwa ndani ya Kinyamwezi, basi yakabaki yote.

Mwaka huo ulikuwa 1938. Chama kilichowatuma akina Holm kilikuwa na kanuni: mtoto wa mmisionari akifika miaka saba arudishwe Ulaya, akakae kwenye nyumba maalumu na watoto wenzake wa wamisionari, asije akageuka mwenyeji. Bwana na Bibi Holm waliikubali kanuni hiyo wakiwa wachumba, wakati mtoto bado ni maneno matupu.

Ng'washi naye aliletwa na kanuni, ila hiyo ilikuwa ya Bwana Holm mwenyewe. Karin alipozaliwa, Bibi alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Ng'washi alikuwa amejifungua binti, Ngollo, huko kwao nyuma ya Puge, na mumewe Masolwa alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, akawa bado anakwenda. Ng'washi akaja misheni na mtoto mgongoni. Bwana Holm alikuwa amesoma katika kitabu cha malezi kwamba yaya wa kunyonyesha asigawe maziwa, akamweleza jambo hilo kwa upole mwingi, na Ngollo akarudishwa kwa bibi yake mzaa baba kwa lori lilelile lililomleta, kulelewa kwa uji na maziwa ya mbuzi. Ilikuwa kwa muda tu. Karin akiacha kunyonya, Ng'washi angerudi kwa mwanawe. Karin alipoacha kunyonya ikaonekana hawezi kulala bila yaya. Basi ikawa Karin akienda shule. Kila mwaka baada ya mavuno Ng'washi alipewa ruhusa, akaenda, akamkuta Ngollo amerefuka, wakasalimiana, akarudi.

Wenyeji wa pale misheni walimwita Mama Karin, kama ilivyo desturi kumwita mwanamke kwa jina la mtoto anayeonekana naye. Bibi Holm aliposikia jina hilo likiitwa mara ya kwanza alidhani anaitwa yeye, akaitika.

Sasa Karin alikwenda shule. Lori la Omari lilikuwa lipite mchana huo kuelekea Nzega, na Ng'washi angepanda. Bibi Holm akaja jikoni kumuaga, macho mekundu, kitambaa mkononi, akakuta sauti ya binti yake inaimba wimbo wa kufukuza ndege shambani. Akakaa kwenye kigoda. Kiswahili cha Bibi kilikuwa kizuri, kimepigwa pasi. Kinyamwezi alijua salamu na pole.

"Anasema nini?" akauliza.

"Anafukuza ndege wasile mtama, Bibi."

Bibi Holm akaongea Kiswidi kirefu, akiutazama moshi. Sauti ikanyamaza, halafu ikauliza kitu.

"Anauliza nani huyo analia," Ng'washi akatafsiri.

"Mwambie ni mama yake."

Ng'washi akaiambia. Sauti ikajibu kwa neno moja.

"Anasema nini?"

"Anasema pole."

Bibi Holm akamshika Ng'washi mkono uliokuwa na masizi. "Lori lipite tu leo," akasema. "Subiri kidogo, mpaka imalize."

Sauti haikumaliza. Ng'washi alisubiri masika yote. Bwana Holm alipiga kengele alfajiri, akatibu vidonda, akafundisha kusoma, akakagua tofali za kanisa. Bibi alishona, akapiga kinanda, akapigana na mchwa. Baada ya chai alikuja na ushonaji wake jikoni, akakaa kwenye kigoda, akauliza anasema nini. Sauti ilisema mambo ya mtoto wa miaka saba. Kwamba kuku mweupe anataga chini ya kuni. Kwamba shanga ya bluu ni nzuri kuliko nyekundu. Kwamba Mabruki ananuka kitunguu.

"Hilo si lazima ulitafsiri," akasema Mabruki.

Bwana Holm hakuwa na tabia ya kukaa jikoni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Siku moja alijaribu kuifundisha sauti Kiswidi. Ikajaribu, ikacheka, ikaomba radhi. Daktari mmoja wa Tabora alipoulizwa alisema ni malaria, akatoa kwinini, na kwa kuwa sauti haina mdomo wa kumezea, Bibi Holm akameza yeye. Jumapili ilikwenda kanisani, ikakaa upande wa wanawake, ikaimba juu kuliko wote, hata mzee mmoja wa kanisa akapendekeza iambiwe ishushe kidogo. Kwa namna hiyo ikajulikana kwamba sauti haikufungwa na jiko. Ilikaa popote alipo Ng'washi.

Mavuno yalipokwisha Ng'washi akasema anakwenda kwake. Bibi akasema subiri. Ng'washi akasema ndiyo, Bibi, na lori la Omari lilipopita akapanda.

Njiani sauti iliuliza majina ya vilima vyote.

"Huyo wa pili naye namlipisha?" akauliza Omari.

"Unamwona?"

"Simwoni."

"Haya."

Omari akaona ni haki.

Nyumbani Ngollo alikuwa akitwanga na bibi yake. Alikuwa na miaka minane. Alipomwona mama yake aliweka mchi chini, akapiga goti, akasema shikamoo, akamletea kigoda na maji ya kunywa kwenye kata, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomfanyia mgeni.

"Marahaba, mwanangu," akasema Ng'washi.

"Mayu, hapa ndipo kwako?" ikauliza sauti.

Ngollo akachungulia nyuma ya mgongo wa mama yake. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Nani huyo anakuita mama?"

"Ni mtoto wa kule kazini."

"Kwani yeye hana mama yake?"

"Anaye."

"Basi akamwite huyo."

Bibi mzaa baba akacheka, halafu akaacha kucheka.

Wakaishi hivyo majuma kadhaa. Ngollo hakuwahi kumwita Ng'washi mayu. Neno hilo alilitumia kwa bibi yake tangu alipoanza kusema, na hakuwa na jingine la akiba. Sauti ililitumia asubuhi kabla watu hawajanawa uso. Shambani Ng'washi alikaa katikati, huku mtoto wa kuonekana asiyesema, huku mtoto wa kusema asiyeonekana, akagawa viazi vya kuchoma mara mbili ingawa cha pili kiliishia kuliwa na mbuzi. Hata hivyo Ngollo alianza kulegea. Alisogeza jembe lake karibu. Alijisukia nywele kama za mama yake, upande mmoja ukaenda kombo. Siku moja akakanyaga mwiba, akainua mguu, akafungua mdomo.

"Ma..." akasema.

"Mayu, kachomwa mwiba!" ikawahi sauti.

Ngollo akafunga mdomo. Ng'washi alikuwa amekwisha kugeuka na mkono ameunyoosha, na hakujua tena amemgeukia nani. Ngollo akautoa mwiba mwenyewe.

Bwana Holm akafika siku hizohizo kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa taratibu.

"Ng'washi," akasema, "umeondoka na mtoto wetu."

"Sikumchukua, Bwana. Kanifuata."

"Bibi hali chakula."

Bibi mzaa baba akasema jambo kama hilo ni la baraza. Wakaenda kwa Shilinde, mwanangwa wao, mkuu wa kijiji. Uani kwake kulikuwa na watu waliokuja kwa kesi ya ng'ombe, wakaombwa wasubiri, wakakubali kwa moyo mmoja. Shilinde akakaa kwenye kiti chake, akaikoholea sauti ijue inasemeshwa.

"Wewe ni nani?"

"Karin."

"Baba yako nani?"

"Bwana Holm."

"Mama yako?"

"Mayu si huyu hapa amekaa," ikasema sauti, na kila mtu akajua imemwonyesha Ng'washi, ingawa haikuwa na kidole.

Watu wakatazama chini. Bwana Holm, ambaye neno hilo alilijua, aligeuza kofia yake akasoma kilichoandikwa ndani.

Shilinde akafikiri. Alisifika kwa kutokawia.

"Mtoto ni wa baba yake," akasema. "Akiwa mzima ni wake. Akiwa nusu ni wake. Huyu amebaki sauti, na sauti ni ya baba yake vilevile. Airudishe."

"Haibebeki," akasema Ng'washi.

"Wewe umeibebaje mpaka hapa?"

"Nimekuja, ikaja."

"Basi nenda, itakwenda."

Bibi mzaa baba akasimama. "Na huyu Ngollo je?"

Shilinde akamtazama Ngollo, aliyekuwa amekaa na wanawake, upande mmoja wa nywele ukiwa kombo. "Ngollo ana mguu, ana mkono, ana sauti yake mwenyewe. Amekamilika. Hana kesi."

Watu wakakubali kwamba hana kesi. Ng'ombe wakaitwa.

Ngollo alimsindikiza mama yake mpaka barabarani, akambebea kifurushi kichwani, akapiga goti, akasema kwaheri na safari njema. Alisema vizuri kabisa, kwa sauti ya kuagia wageni. Kwenye pikipiki walipanda watatu: Bwana Holm mbele, Ng'washi nyuma, na sauti katikati ikishangilia kila shimo. Ilipenda sana pikipiki.

Mara vita ikaanza Ulaya, na meli za abiria zikakoma. Bibi Holm alisema Ng'washi ataondoka meli zikirudi, kwa sababu meli zikirudi Karin anaweza kurudi, na Karin akirudi atachukua kilicho chake. Lilikuwa pendekezo la busara, kila mtu alilielewa. Ng'washi alipokwenda Puge kusalimia, alikwenda nayo na akarudi nayo, na Ngollo siku hizo alikuwa na kawaida ya kwenda kuchanja kuni mbali. Miaka ikapita. Kanisa likaezekwa kwa bati. Nywele za Bibi Holm zikawa nyeupe kuanzia mbele. Sauti ikabaki na miaka saba.

Vita ilipokwisha akaja muuguzi mpya, Sista Greta, aliyewahi kuishi karibu na ile nyumba ya watoto wa wamisionari. Bibi Holm alimpa chai jikoni, si sebuleni, akamwuliza habari za Karin. Sista Greta alisema Karin ni binti mzuri. Mwaka wa kwanza hakusema kitu, hata kidogo. Walimu walidhani ni bubu. Baadaye akaanza Kiswidi polepole, kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake. Sasa anakisema vizuri, ila haanzi mazungumzo, husubiri aulizwe.

"Anatutaja?"

"Anawaombea kila jioni," akasema Sista Greta. "Wanawaombea wamisionari wote, kwa mpangilio wa herufi."

Bibi Holm akamshukuru. Mgeni alipokwenda kupumzika yeye alibaki kwenye kigoda, ushonaji umelala mapajani.

"Ng'washi," akasema, "miaka minane sijamwona mtoto wangu. Wewe huwezi kujua."

"Ndiyo, Bibi," akasema Ng'washi, akiendelea kuchekecha unga.

Mabruki akaangusha mfuniko wa sufuria. Haikuwa kawaida yake kuangusha vitu.

"Samahani," akasema. "Umeniponyoka. Na mimi mkono wangu siku hizi una maneno."

Karin alirudi mwaka 1953, mwanamke mzima, mrefu kuliko baba yake, muuguzi mwenye cheti cha ukunga, ametumwa na chama kilekile. Pale stesheni alimpa mama yake mkono, mama naye akampa wake, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaambia kinachofuata wakaendelea kushikana mpaka Bwana Holm aliposema mizigo imeteremshwa. Kiswahili alikuwa amesomeshwa miezi sita kabla ya kuja. Kilikuwa na sarufi safi.

Nyumbani Bibi Holm akamwongoza moja kwa moja jikoni. Ng'washi alikuwa amevaa kanga mpya. Karin akasema, "Hujambo, mama?" na Ng'washi akajibu, "Sijambo, Bibi," maana huyu mtu mzima aliyeingia hakumjua. Yeye alikuwa amejiandaa kuikabidhi sauti.

"Mayu, huyu nani?" ikauliza sauti.

Karin akasimama wima. Akageuka kule ilikotoka, kwenye kinu.

"Anasema nini?"

"Anauliza wewe ni nani."

Karin akakaa chini sakafuni, na gauni lake la safari, na soksi zake. Akafungua mdomo kama mtu anayepewa dawa. Wote wakangoja. Sauti ikazunguka jikoni, ikamkaribia, ikamnusa, yaani ilisikika ikivuta pumzi karibu na shavu lake, halafu ikarudi kwa Ng'washi.

"Anasema nini?" akauliza Karin.

"Anasema haingii. Wewe umekuwa mkubwa."

Hakuna aliyeona ajabu. Mabruki, ambaye sasa alikuwa mzee na yai lake lilikuwa bado ama bichi ama gumu, alisema hata yeye alijaribu kuvaa kanzu ya utotoni siku moja, akakwama mabegani.

Tangu hapo kila baada ya chai walikuja wote wawili. Bibi Holm alimwachia binti yake kigoda, yeye akaletewa kiti. Wakakaa bega kwa bega, mama na mwana, wakitazama upande mmoja, wakisubiri tafsiri. Karin aliuliza mambo mengi. Ng'washi alitafsiri kila kitu sawasawa, kama alivyofanya miaka yote, hata maneno ya vitunguu. Karin alisema anataka kujifunza Kinyamwezi ili aongee nayo mwenyewe, na kwamba haitachukua muda.

Wakati huo Ngollo alikuwa ameolewa Ziba na mkulima mmoja, Anton, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Mimba zake mbili za kwanza zilitoka. Ya tatu ilikuwa imeshika, na mwezi wake umefika. Kwao, mwanamke akijifungua mtoto wake wa kwanza, kumpokea mtoto ni kazi ya mama yake mzazi, naye hukaa mpaka kitovu kidondoke. Ng'washi akamwomba Karin ruhusa, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekuwa mwenye jambo.

"Jamani, Ng'washi, nimefika juzi tu," akasema Karin. Akashika mikono yake miwili. "Mlete hapa. Mimi ni mkunga. Nitampokea mtoto mwenyewe, kwa furaha."

"Hatakuja hapa, Bibi."

"Kwa nini?"

Ng'washi akafikiri namna ya kulisema kwa Kiswahili, akashindwa, akasema njia ni mbaya.

"Basi wiki ijayo," akasema Karin. "Wiki ijayo tutaona."

Wiki ilipokuja Ng'washi hakuomba tena. Alifua kanga zake, akafunga mzigo, akatia ndani kitambaa cheupe cha kumpokelea mtoto, akauweka mlangoni pa jiko mahali ambapo kila mtu angeuruka. Bibi Holm aliuruka. Karin aliuruka. Lori lilikuwa lipite siku inayofuata, na safari hii Ng'washi alikuwa amemwambia Mabruki kwamba hata akiitwa kwa mwanangwa, hata akiitwa bomani, harudi.

Lakini asubuhi hiyo Anton akaja kwa baiskeli. Ng'washi akampa uji kabla ya kumwuliza. Bibi Holm na Karin walikuwa wamekwisha kukaa mahali pao.

"Amejifungua," akasema Anton kwa Kinyamwezi. "Juzi. Wa kike, mzima, ana kelele. Alipokewa na jirani."

"Na Ngollo?"

"Mzima."

"Nilikuwa nakuja kesho. Mzigo ule pale. Kama umekuja kunichukua tuondoke hata sasa hivi, nitakaa nyuma ya baiskeli."

Anton akatazama uji. Akaukoroga ingawa haukuhitaji kukorogwa.

"Mama, Ngollo kasema uje. Mtoto kampa jina lako. Kasema uje ukae hata mwaka. Lakini kasema uje peke yako. Kama unakuja na yule, usije. Kasema mwanawe hatajifunzia neno mayu kwa mwingine."

"Mayu, tunakwenda wapi?" ikauliza sauti.

Anton akaweka bakuli chini. Hakuwahi kuisikia kabla ya hapo, akavua kofia kwa adabu.

Ng'washi akaenda mlangoni. Akauinua mzigo, akakaa nao, akaanza kuufungua. Fundo alilifunga kwa nguvu, ikambidi atumie meno.

"Mgeni anasema nini?" akauliza Karin.

"Anasema nyumbani wote wazima," akasema Ng'washi.

"Mayu, hakusema hivyo," ikasema sauti.

Bibi Holm akatabasamu, kama alivyotabasamu kila alipoisikia. Karin akainama mbele kwenye kigoda chake, kuelekea ilikotoka sauti.

"Na mimi? Mimi nasema nini?"

Ng'washi akatoa kile kitambaa cheupe, akakikunja mara mbili, akakilaza mapajani.

"Unasema umefurahi umerudi nyumbani."

Karin akafunika uso kwa mikono. Mama yake akampapasa mgongo kwa woga, kama anayepapasa mnyama wa watu.

"Mwambie," akasema Karin kutoka ndani ya mikono, "mwambie na mimi nimefurahi."

Ng'washi akamwambia.